Mbona Nyimbo Zenyewe Ndefu Hivyo? Majibu ya Shabiki wa Roki na Metali wa Kivukoni

Chuoni kwetu ikishajulikana kwamba unasikiliza roki, na hasa ile roki ya progresivu pamoja na ndugu yake metali, unaulizwa maswali manne, na karibu kila mara yanakuja kwa mpangilio uleule. La kwanza: mbona nyimbo zenyewe ndefu hivyo? La pili: huyo anaimba au anatapika? La tatu: hayo si mambo ya shetani? La nne huulizwa kwa sauti ya chini kidogo, kama vile muulizaji anakuonea huruma: sasa wewe mtoto wa Dar, mambo ya Wazungu yanakuhusu nini?

Nimeyajibu maswali haya kwenye foleni ya msosi, hosteli, ndani ya pantoni la Kigamboni, na mara moja katikati ya diskasheni ya takwimu, siku mbili kabla ya testi. Sasa nayajibu kwa maandishi, ili mtu akiniuliza tena nimkabidhi jarida na kuendelea na wali wangu. Mimi ni shabiki na haya ni maoni ya shabiki. Ila kuna jambo moja ambalo si la ushabiki tu, nalo linatuhusu sote tunaosoma mjini hapa. Nitalifikia kwenye swali la nne.

Kwanza tuelewane

Roki ya progresivu, ambayo mashabiki tunaiita progu kwa ufupi, ilichipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Vijana waliokuwa na magitaa ya umeme walichoka kuimba mapenzi kwa dakika tatu. Wakachukua vitu kutoka kwenye jazi, kwenye muziki wa okestra za Ulaya, kwenye hadithi na ngano, wakavitia kwenye chungu kimoja. Wengi wetu tunaanza kuhesabu kwenye albamu ya kwanza ya King Crimson, In the Court of the Crimson King, iliyotoka Oktoba 1969.

Metali nayo ilizaliwa karibu wakati huohuo, lakini kwenye mtaa mwingine. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath ilitoka tarehe 13 Februari 1970. Hawa walikuwa watoto wa wafanyakazi wa Birmingham, mji wa viwanda. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa kijana. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, akaweka nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Nyuzi zikilegea sauti inashuka, inakuwa nzito. Ule uzito unaousikia kwenye metali mpaka leo una ajali ya kazini ndani yake.

Baadaye mitaa hiyo miwili ikaungana, tukapata metali ya progresivu: Dream Theater na Tool wa Marekani, Opeth wa Sweden, na wengine wengi. Hiyo ndiyo familia ninayoizungumzia.

Swali la kwanza: mbona ndefu?

Hapa huwa nageuza swali: mbona nyimbo nyingine fupi? Nani alisema wimbo uwe wa dakika tatu?

Jibu ni kwamba mashine ndiyo iliyosema. Sahani ya santuri ya zamani, ile iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilibeba kama dakika tatu tu kila upande. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, ilibidi taarab ya Unguja, ambayo barazani huendelea kadiri watu wanavyotaka, ibanwe ndani ya kipimo hicho. Zikaja sahani ndogo za mapigo 45, na bendi zetu zilizorekodi Nairobi zikalazimika kuukata wimbo mmoja vipande viwili. Unasikiliza uimbaji upande wa kwanza, halafu unanyanyuka kugeuza sahani ili upate magitaa. Redio nazo zikazoea kipimo hicho, na masikio yetu yakafuata redio.

Kisha mwaka 1948 ikatoka sahani kubwa ya mapigo 33, yenye nafasi ya zaidi ya dakika 20 kila upande. Kwa miaka mingi watu waliitumia kama kapu la kuwekea nyimbo fupi fupi. Wanaprogu ndio waliosema: chumba kimepanuka, kwa nini tuendelee kukaa mlangoni? Mwaka 1972 Yes walitoa Close to the Edge, albamu yenye nyimbo tatu tu, na wa kwanza unachukua karibu dakika 19, yaani upande mzima. Mwaka huohuo Genesis walirekodi Supper's Ready, kama dakika 23. Jethro Tull wakamaliza kazi kabisa: Thick as a Brick ni wimbo mmoja uliojaza pande zote mbili.

Kwa hiyo kwetu sisi wimbo mrefu si mgeni. Mgeni ni ule wa dakika tatu, na alikuja na mashine. Nenda kasikilize dansi likipigwa ukumbini. Linaanza taratibu, waimbaji wanaeleza kisa, beti kwa beti, kisha magitaa yanabadilisha mwendo, tunaingia kwenye chemko, na hapo hakuna anayetazama saa. Nenda kwenye taarab asilia. Kuna bashrafu, kipande cha vyombo vitupu chenye sehemu zinazokwenda na kurudi, kinapigwa kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Mtu aliyekulia kwenye muziki wa namna hiyo ana masikio tayari. Anachohitaji ni kuambiwa tu kwamba asubiri.

Wimbo ninaoutumia kumwonyesha mtu jambo hili ni Starless wa King Crimson, kutoka albamu ya Red ya mwaka 1974. Una dakika 12. Mwanzo ni wimbo wa huzuni wa kawaida kabisa, mtu anaimba. Kisha uimbaji unakwisha, na gitaa linaanza kusumbua noti moja, polepole, linarudia na kurudia, huku besi na dramu zinahesabu mapigo 13 badala ya manne uliyoyazoea. Unakaa hapo dakika kadhaa, presha inapanda. Halafu panapasuka. Saksafoni inaingia, mwendo unakimbia, na ule wimbo wa mwanzo unarudi ukiwa mkubwa mara tatu. Aliyewahi kusimama ukumbini akisubiri gitaa la solo la Sikinde lifunguke ataelewa mara moja. Ni chemko, ila la watu wenye huzuni.

Na kuhusu hayo mapigo 13, usiogope. Anza na Money wa Pink Floyd, kutoka The Dark Side of the Moon ya 1973. Hesabu mpaka saba, rudia. Ukishaweza saba, 13 ni hesabu tu ya kuongeza.

Swali la pili: anaimba au anatapika?

Kelele ya metali ina sehemu mbili, gitaa na koo.

Gitaa kwanza. Ukiisukuma amplifaya kupita uwezo wake, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, na sauti inakwaruza. Mafundi wa mwanzo waliona ni kasoro. Wapiga gitaa wakaona ni rangi mpya. Mtu wa Dar hana haki ya kushangaa hapa. Singeli ya Manzese na Tandale inapigwa kwenye spika zilizosukumwa mpaka zinalia, kwa kasi inayopita mapigo 200 kwa dakika. Mshikaji anakesha kwenye vigodoro mpaka alfajiri, halafu asubuhi ananiambia metali ina kelele na inakimbia sana! Mimi huwa namwangalia tu.

Ujirani huo wa singeli na metali unaweza kuuthibitisha. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ndiyo iliyotoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyiko wa singeli ya Dar. Lebo hiyohiyo ilitoa mwaka 2020 albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, waliotoka kwenye bendi za metali za Kenya. Sisi tunasoma jina hilo tunamwona mnyama mwenye mbio. Wao wanalichukua pia kwa maana ya Kikikuyu, giza. Maana zote mbili zinafaa. Ni albamu ngumu, sikushauri uanze nayo, lakini ukitoka kwenye singeli utashangaa jinsi mwendo wake unavyokuwa wa nyumbani.

Sasa koo. Ile sauti ya kunguruma ni ufundi unaofundishwa. Mwimbaji anatumia nyama zilizo juu ya nyuzi za sauti, pamoja na pumzi ya tumboni. Akikosea anaumia, akipatia anaimba miaka 30. Na kazi yake haihusu sana maneno, koo linageuka chombo, kama ngoma ya chini. Anayetaka kusikia tofauti amsikilize Mikael Åkerfeldt wa Opeth kwenye Blackwater Park ya 2001. Mtu mmoja, wimbo mmoja, anaunguruma kama radi kisha anaimba laini kama anabembeleza mtoto. Hapo ndipo unagundua kwamba anaunguruma kwa sababu ameamua. Sauti nzuri anayo.

Swali la tatu: si mambo ya shetani?

Hili nalijibu kwa adabu, kwa sababu wengi wanaoliuliza wanauliza kwa nia njema, na mmojawapo ni mama yangu.

Kweli, zipo bendi zinazocheza na picha za mapepo, nyingine kwa maigizo, nyingine kwa dhati. Zile za dhati siziweki kwenye simu yangu. Lakini chukua hao Black Sabbath wanaotajwa kila siku. War Pigs, wimbo wa kwanza wa albamu ya Paranoid ya 1970, unawashutumu wakubwa wanaoanzisha vita na kuwapeleka watoto wa maskini kufa. Ulitoka vita vya Vietnam vikiendelea. Ukiuweka pembeni ya mashairi yetu ya siasa ya miaka hiyo, vitaelewana. Mwaka uliofuata bendi hiyohiyo ilitoa After Forever, wimbo unaomtetea Mungu mbele ya wanaomkebehi.

Halafu tukumbuke historia ya mji wetu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni dhidi ya sketi fupi, wigi na suruali za kubana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969. Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulikuwa na Dar es Salaam ndani yake, ulipiga marufuku muziki wa soul kwenye kumbi. Soul! Muziki ule ambao leo wazee wanaucheza harusini wakiwa wamefumba macho, na MC anasema, "Sasa tunawapa wazazi wetu zile za heshima." Muziki wowote wa vijana hupitia mahakama hiyo. Unaitwa uhuni, baadaye unaitwa zilipendwa. Sisemi kwamba waliopiga marufuku hawakuwa na sababu. Nchi ilikuwa changa na ilikuwa inatafuta sura yake. Nasema tu kwamba kesi ya muziki isihukumiwe kabla ya muziki kusikilizwa.

Swali la nne: si mambo ya Wazungu?

Hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize vizuri.

Mwaka 1946 walizaliwa watoto wawili. Mmoja alizaliwa Unguja, katika familia ya Waparsi, akaitwa Farrokh Bulsara. Alisoma India, akarudi Unguja akiwa kijana, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ikahamia Uingereza. Dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury wa Queen. Mwingine alizaliwa Mvumi, Dodoma, akaitwa Patrick Balisidya. Alikuja Dar es Salaam, akaunda bendi ya Afro 70 na mtindo wake wa Afrosa.

Wa kwanza mnamjua. Ila wengi mnamjua kwa Bohemian Rhapsody na filamu. Mimi nawashauri mrudi nyuma mpaka Queen II ya Machi 1974, ambayo kwangu ndiyo albamu yao bora kuliko zote, na nipo tayari kubishana. Badala ya upande A na B ina Upande Mweupe na Upande Mweusi. Ule Mweusi wote, nyimbo sita, ameutunga Mercury peke yake, na umeungwa kama kisa kimoja: majitu, malkia, nchi za kubuni. Moja ya nchi hizo, Rhye, aliibuni pamoja na dada yake. Hiyo ni progu kamili, na imetoka kwenye kichwa cha mtoto aliyezaliwa ng'ambo ya bahari hii tunayoiona kutoka Kivukoni.

Wa pili mnamjua kwa Harusi, ule wimbo usiokosekana ukumbini. Lakini ni wangapi chuoni hapa wanajua kwamba mwaka 1979 ilitoka albamu iitwayo Bado Kidogo, yenye majina mawili kwenye jalada, Afro 70 na Archimedes Badkar? Hao wa pili ni bendi ya Sweden, ya ule mkondo wa kwao unaoitwa progg, wenye g mbili, muziki wa vijana wa mrengo wa kushoto waliokuwa wanachanganya jazi, roki na muziki wa asili wa nchi mbalimbali. Angalia kwanza hilo jina. Jina la Kiswahili, kwenye albamu ya watu wa progresivu, zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Kuna na Sunburst. Bendi hii iliundwa Dar es Salaam mwaka 1970, miezi michache tu baada ya soul kupigwa marufuku. Walipiga roki, soul na midundo ya kwetu kwa pamoja. Mwaka 1976 ikatoka albamu yao Ave Africa, waliyoirekodi Zambia, nchi ambayo miaka hiyo ilikuwa na roki yake yenyewe: WITCH, Amanaz, Musi-O-Tunya, kizazi kilichokuja kuitwa Zamrock. Ave Africa ina gitaa linalokwaruza, ina kinanda, ina mabadiliko ya mwendo ambayo mtu wa progu anayatambua mara moja. Na ina Kiswahili.

Wa mwisho kumtaja ni Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, gwiji wa ilimba na zeze, aliyekuwa mwalimu Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Albamu yake Chibite ilitolewa mwaka 1996 na lebo ya Real World. Mwanzilishi wa Real World ni Peter Gabriel, yuleyule mwimbaji wa kwanza wa Genesis niliyemtaja kwenye Supper's Ready. Yaani mmoja wa wazee wa progu wa Uingereza alipotafuta muziki wenye sauti nyingi zinazopishana na mapigo yanayovuka mapigo, aliukuta kwa Wagogo. Zawose alirekodi pia na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook, albamu ya Assembly.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeniuliza kwa sauti ya chini, hii hapa jibu yangu: mambo haya yana Uzungu mwingi ndani yake, sikatai, lakini kuna kiti chetu mezani na kilikaliwa. Tatizo ni kwamba sisi wenyewe hatujui kama kilikaliwa. Na hili ndilo jambo nililosema si la ushabiki tu.

Ave Africa ilirudishwa sokoni mwaka 2016, miaka 40 baada ya kutoka, pamoja na rekodi nyingine za Sunburst za kuanzia 1973. Aliyeirudisha ni lebo ya Strut ya London. Wao ndio waliotafuta, wakasafisha sauti, wakaandika maelezo. Nawashukuru, bila wao nisingeisikia. Lakini nilipoulizia albamu hiyo Kariakoo, kwenye vibanda viwili vitatu vya kuingiza nyimbo, muuzaji mmoja aliniuliza kama ni kwaya ya Kikatoliki. Simlaumu. Hakuna aliyemwambia. Hata sisi tunaolipa ada kusoma historia na utamaduni hatukuambiwa.

Madhara yake ni haya. Kijana wa Dar anayeshika gitaa la umeme leo akipiga kitu kigumu, anaambiwa anaiga Wazungu, na yeye mwenyewe anaamini. Anajiona wa kwanza, mpweke, kichaa kidogo. Kumbe mtaa uleule ulishapigwa muziki huo kabla baba yake hajazaliwa. Nairobi wana bendi za metali kadhaa. Sisi tuliotangulia kuwa na Sunburst tunauliza kama inaruhusiwa.

Uanzie wapi

Nimeahidi kuwa na manufaa, basi tuongee bando. Albamu ya dakika 45 kwa ubora wa kawaida wa kbps 128 inakula kama MB 43. Ukipandisha mpaka 320 inakula kama MB 108. Kwa spika za masikioni za bei ya Kariakoo, ile ya 128 inatosha. Pakua kwenye Wi-Fi ya chuo usiku.

Kanuni ni moja: usichanganye nyimbo. Simu ikiwekwa kuchanganya, au memori kadi ikipanga nyimbo kwa alfabeti, albamu inageuka kachumbari. Hii ni kama kusoma riwaya kwa kuanza na sura zinazoanzia na herufi A.

Mpangilio wangu ni huu. Ndani ya pantoni, sikiliza Money, dakika sita na kidogo, utakuwa umeshafika Kigamboni. Daladala kutoka Posta siku isiyo na foleni kubwa, Close to the Edge yote, dakika 38. Ukiwa na huzuni, Red, dakika 40. Queen II ni dakika 40 pia, iweke siku una nguvu. Ukienda Mbagala saa kumi na moja jioni, una muda wa Lateralus ya Tool ya 2001, dakika 79, na ukifika kwenye wimbo unaobeba jina la albamu, hesabu mapigo ya kiitikio: tisa, nane, saba. Ave Africa usiisikilize peke yako. Iweke kwenye spika hosteli, mwite mtu, halafu muulize hao ni wa wapi.

Na vya kuruka? Tales from Topographic Oceans ya Yes, 1973: nyimbo nne, sahani mbili, zaidi ya dakika 80. Hata mpiga kinanda wao, Rick Wakeman, alichoka nayo kiasi kwamba katika onyesho moja alikula kari jukwaani wenzake wakiendelea kupiga. Mimi namwelewa. Dream Theater nao nawaheshimu, na Scenes from a Memory ya 1999 ni kazi kubwa, lakini kuna mahali vidole vinakimbia mpaka wimbo unabaki nyuma ukiita. Urefu na ufundi peke yake havitoshi. Wimbo mrefu unatakiwa uwe na sababu ya kuwa mrefu, na msikilizaji anatakiwa awe ameipata sababu hiyo kabla haujaisha.

Ombi kwa serikali ya wanafunzi

Nina ombi dogo. Kila mwezi tupewe ukumbi saa moja, jioni, spika mbili, na albamu moja inayosikilizwa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, simu zikiwa mfukoni. Mwezi wa kwanza iwe Ave Africa, wa pili Bado Kidogo. Baada ya hapo mashabiki wa bongo fleva, taarab na injili nao walete zao, mimi nitakaa kiti cha mbele.

Ombi la pili ni kwenu wasomaji. Waliokuwa na miaka 20 mwaka 1970 sasa wamevuka 70. Balisidya alifariki mwaka 2004, Zawose mwaka 2003. Wengine wapo, Temeke, Ilala, Magomeni, wanalea wajukuu, na baadhi ya wajukuu hao mnasoma ukurasa huu. Muulize babu kama aliwahi kupiga kwenye bendi. Muulize alitumia gitaa gani, alilipwa kiasi gani, ukumbi ulikuwa wapi, na sahani ziko wapi. Rekodi kwa simu yako, andika tarehe na majina kamili, kisha ulete kwa mhariri wa jarida hili.